Nguvu za Mwanamume Hazinunuliwi Kituo cha Basi

Apitaye jioni katika vituo vya mabasi, masokoni na vijiweni katika miji yetu hawezi kukosa kuiona biashara moja inayostawi mwaka hata mwaka. Wako wauzao supu ya pweza kwa kikombe. Wako wenye mikokoteni ya mihogo mibichi, vipande vya nazi na karanga mbichi. Na wako wenye vichupa na vikaratasi vya unga ambao asili yake haijulikani, uitwao mkuyati, vumbi la Kongo na majina mengine mengi. Wote humwahidi mnunuzi kitu kimoja, nacho ni nguvu za kiume. Na wanunuzi si wazee peke yao. Wamo madereva, makarani, mafundi na walinzi, na wamo vijana ambao hawajatimiza hata miaka 30. Hununua upesi, hawaulizi maswali mengi, kisha huondoka wakitazama chini.

Hatuandiki haya ili kumcheka mtu. Mwanamume aliyepungukiwa na nguvu ana huzuni ya kweli, na nyumba yake mara nyingi hushiriki huzuni hiyo. Ndoa zimevunjika kwa sababu hiyo, na watu wazima wenye heshima zao wametapeliwa mishahara yao kwa sababu hiyo. Twaandika kwa kuwa twaona jambo hili limeachwa mikononi mwa wachuuzi, hali lina elimu yake iliyo wazi. Neno letu ni hili: nguvu za mwanamume hutegemea mwendo mzuri wa damu, na yale yanayouharibu mwendo huo ndiyo yanayoharibu moyo, ubongo na figo. Kwa hiyo kupungua kwa nguvu hizo mara nyingi ni onyo la mapema, na mwenye kulinyamazisha onyo hilo kwa unga wa njiani hujiweka katika hatari ya kufa kabla ya wakati wake.

Damu ndiyo msingi

Yafaa kwanza tueleze jinsi mwili unavyofanya kazi, maana ujinga wa jambo hili ndio mtaji wa matapeli. Uume hauna mfupa. Ndani yake mna nyama laini iliyo kama sifongo. Mwanamume apatapo hamu, ubongo hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu, na hapo mishipa hiyo pamoja na utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huilegeza mishipa ya damu ipate kupanuka. Damu huingia kwa wingi, sifongo ile hujaa, na mishipa inayorudisha damu hubanwa ili isitoke upesi. Kazi ya gesi hiyo katika mishipa ya damu ya mwili mzima ndiyo iliyowapatia wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998.

Sasa tuyatazame mambo yanayoudhuru utando ule. Ni sukari nyingi katika damu, shinikizo la damu ambalo watu wengi huliita presha, moshi wa sigara, na mafuta ya lehemu yanayojipaka ndani ya mishipa. Utando ukijeruhiwa, gesi ile hupungua, mishipa hukakamaa, na njia ya damu huanza kuwa nyembamba. Madhara hayo hayachagui kiungo kimoja. Huenea mwili mzima. Lakini mishipa inayopeleka damu katika uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, na ile inayolisha moyo ina upana wa milimita 3 hadi 4. Kila mtu ajuaye mabomba anafahamu kwamba bomba jembamba ndilo lizibalo kwanza. Ndiyo maana matabibu wameona kwamba kwa wanaume wengi wenye maradhi ya moyo, upungufu wa nguvu ulitangulia miaka 2 hadi 5 kabla ya kifua kuanza kuuma.

Tatizo lenyewe si la watu wachache. Katika uchunguzi mashuhuri uliofanywa katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani kati ya mwaka 1987 na 1989, wanaume wapatao 1,290 wenye umri wa miaka 40 hadi 70 waliulizwa hali zao, na 52 katika kila 100 walikuwa na upungufu, mdogo au mkubwa. Hapa kwetu Tanzania, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba kadiri ya mtu 1 katika kila 4 alikuwa na shinikizo la damu, na watu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Nao wanaume wenye kisukari waliochunguzwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2014, zaidi ya nusu walionekana kuwa na upungufu wa nguvu kwa kiasi fulani. Mtu anayeziweka hesabu hizo pamoja hatashangaa kwa nini wauza unga hawakosi wateja.

Haki inatudai tuongeze jambo moja. Si kila upungufu hutokana na mishipa. Yuko mtu ambaye mwili wake ni mzima lakini moyo wake umejaa wasiwasi: ana madeni, ameachishwa kazi, au ana ugomvi na mkewe. Yuko kijana aliyeshindwa mara moja kwa sababu ya hofu, na tangu siku hiyo hofu yenyewe imekuwa ndiyo maradhi. Mara nyingi mtu wa namna hiyo huamka alfajiri akiwa na nguvu zake kamili, jambo linaloonyesha kwamba mishipa yake inafanya kazi. Mtu huyo anahitaji mazungumzo, utulivu na ushauri. Daktari ndiye awezaye kupambanua hali hii na ile. Muuza unga hawezi, wala hana haja ya kujua.

Dereva na kondakta

Mojawapo ya ushahidi wa kwanza ulioonyesha kwamba kukaa kitako kunadhuru moyo ulitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1953 tabibu mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa katika jiji la London. Katika kila basi walikuwamo watu wawili. Dereva alikaa kwenye kiti chake siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi kukusanya nauli, mamia ya vidato kila siku. Walifanya kazi katika gari moja, wakavuta hewa moja na kuishi katika mitaa ya namna moja. Hata hivyo makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, hawakufa kwa wingi kama wao.

Wako waliouliza kama huenda madereva walikuwa wanene tangu walipoajiriwa. Swali hilo lilikuwa la haki, na Morris na wenzake walilifuatilia hata katika vipimo vya sare: mwaka 1956 walionyesha kwamba kwa kweli suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi. Unene ulikuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata katika nchi mbalimbali umethibitisha kwamba mwendo wa mwili wenyewe huulinda moyo, hata kwa mtu aliye mnene. Na kinachoulinda moyo huilinda pia mishipa ile ya milimita 1 hadi 2.

Uthibitisho juu ya nguvu za kiume zenyewe ulipatikana Italia. Mwaka 2004 matabibu wa Napoli walitangaza matokeo ya kazi yao ya miaka miwili kwa wanaume 110 wanene, wenye umri wa miaka 35 hadi 55, ambao wote walikuwa na upungufu wa nguvu na hawakuwa na kisukari wala presha. Nusu yao, yaani 55, walifundishwa kwa makini jinsi ya kula na kufanya mazoezi hadi wapunguze uzito kwa sehemu moja ya kumi au zaidi. Nusu ya pili walipewa maelezo ya kawaida tu juu ya chakula bora na mazoezi. Mwisho wa miaka miwili, katika kundi la kwanza wanaume 17 walikuwa wamerudia nguvu zao za kawaida, na katika kundi la pili 3 tu. Hawakupewa unga wala kidonge. Ni kweli kwamba wengi katika kundi la kwanza hawakupona kabisa, na hatupendi kumdanganya msomaji. Lakini karibu theluthi moja kupona kwa miguu yao na sahani zao ni jambo kubwa, na hata wale wasiopona walikuwa wameipunguzia mioyo yao mzigo.

Mazoezi gani yatosha?

Mwaka 2018 wataalamu waliokusanya na kupima tafiti mbalimbali walieleza kwamba wanaume wenye upungufu unaotokana na unene, presha, maradhi ya moyo au kukaa bila mwendo, wangeweza kupata nafuu kwa kufanya mazoezi ya kutoa jasho dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa muda wa miezi sita. Kiasi hicho hakipishani sana na ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2020 lilisema kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, pamoja na kazi za kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Kutimiza hayo hakuhitaji ukumbi wenye mashine. Mfanyakazi anaweza kushuka vituo viwili kabla ya kituo chake na kumaliza safari kwa miguu, kwa mwendo wa haraka unaomfanya apumue kwa nguvu lakini aweze bado kuzungumza. Karani wa ghorofa ya nne anaweza kuzipanda ngazi na kuiacha lifti kwa wagonjwa na wenye mizigo. Dereva wa daladala, ambaye hukaa kitini tangu alfajiri hadi usiku, ateremke kila afikapo mwisho wa njia, azunguke gari lake kwa miguu mara kadhaa na kunyoosha viungo, kisha atafute siku zake za kutembea au kucheza mpira. Kupiga pushapu na kuchuchumaa nyumbani hakumgharimu mtu hata senti moja. Aliyezidi miaka 40 na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, au mwenye maumivu ya kifua, aonane na daktari kwanza, kisha aanze polepole.

Hapa hatuna budi kupambanua kati ya mfanyakazi na mfanyakazi. Mkulima anayelima kwa jembe, mbeba mizigo wa bandarini na fundi wa kubeba zege hawahitaji kuhubiriwa habari za kukimbia. Miili yao imekwisha fanya kazi ya kutosha, na haja yao kubwa ni chakula kamili, maji, usingizi na kupimwa damu. Tunao mfano katika nchi yetu wenyewe. Wahadza wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao huwinda, huchimba mizizi na kurina asali, walichunguzwa na wataalamu, na mwaka 2017 ilichapishwa kwamba kwa wastani hufanya kazi za kuuchangamsha moyo zaidi ya saa mbili kila siku, na kwamba dalili za hatari ya maradhi ya moyo kwao ni haba, hata kwa watu wa makamo na wazee. Hatusemi kila mtu arudi porini. Twasema mwili wa binadamu uliumbwa uende, nao ukizuiliwa usiende hulipiza.

Usingizi nao usisahauliwe. Homoni ya kiume, yaani testosteroni, hutengenezwa kwa wingi mtu alalapo. Mwaka 2011 wataalamu wa Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya kwa saa tano tu kila usiku kwa muda wa wiki moja, na homoni hiyo ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Walinzi, wauguzi na wafanyakazi wote wa zamu za usiku wayajue haya, na wanaopanga zamu wayajue zaidi.

Sahani ya mfanyakazi

Tuje katika chakula. Mwaka 2020 ilichapishwa Marekani habari ya wanaume zaidi ya 21,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokula mboga, matunda, kunde, karanga na samaki kwa wingi, na nyama nyekundu kwa uchache, walipatwa na upungufu wa nguvu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Msomaji akiiangalia orodha hiyo ataona kwamba karibu yote ni vyakula vya soko letu: mchicha, kisamvu, matembele, mlenda, maharage, kunde, mbaazi, dagaa, karanga, parachichi, papai na ndizi. Bibi zetu walivila bila kuambiwa na mtaalamu yeyote.

Lakini sahani ya mchana ya mfanyakazi wa mjini imebadilika. Kwa wengi siku hizi ni chipsi mayai zilizokaangwa katika mafuta yaliyochemka tangu asubuhi, zikanyunyiziwa chumvi mara mbili, na kusindikizwa na soda baridi. Soda moja ya mililita 350 huweza kuwa na sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Jioni hufuata nyama choma na bia, kisha mtu hulala. Ugali wenyewe umekuwa wa sembe nyeupe iliyokobolewa hadi pumba na kiini vikaondoka, hali dona huacha nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na ile iliyomo ndani ya chakula.

Unene wa tumbo una ubaya wake wa pekee kwa mwanamume. Mafuta ya mwili hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa homoni ya kike, na kadiri tumbo linavyokua ndivyo testosteroni inavyoelekea kushuka. Wengi katika jamii yetu bado hulihesabu tumbo kubwa kuwa dalili ya cheo na neema. Ni kosa, na wenye vyeo wangetusaidia sana kama wangekuwa wa kwanza kulisahihisha.

Sigara hubana mishipa na kuujeruhi utando tuliokwisha utaja, na hakuna kiasi chake kilicho salama. Pombe humpa mtu ujasiri wa maneno lakini hulegeza fahamu zake, na ikizidi kwa miaka hupunguza homoni na kuharibu mishipa ya fahamu. Wako vijana wanaokunywa ili wapate nguvu, na kumbe wanazipoteza kwa kile kile wanachokinunua.

Je, pweza? Pweza ni chakula chema. Ana protini nyingi na mafuta kidogo. Karanga, nazi na mihogo navyo ni vyakula, na karanga zimo katika orodha ya vyakula vinavyofaa moyo. Anayevipenda na avile. Ila ajue kwamba analipa bei ya chakula na anapata chakula. Kikombe kimoja cha supu hakiwezi kufungua katika usiku mmoja mishipa iliyozibwa kwa miaka kumi. Na muhogo mbichi usilwe kwa kubahatisha, kwa maana aina chungu ina sumu inayohitaji kuondolewa kwa kulowekwa, kukaushwa na kupikwa.

Hatari iliyomo katika unga

Kuhusu unga na vidonge visivyojulikana, hapa twasema kwa sauti ya onyo. Dawa ya sildenafil, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, ni dawa ya kweli, na wenzake wa jamii hiyo ni dawa za kweli. Mikononi mwa daktari zimewasaidia watu wengi. Lakini hazifai kutumiwa kabisa na mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, kwa maana zikikutana huweza kuishusha presha ghafula hadi mtu akafa. Sasa, wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamekuta mara kwa mara kwamba dawa zinazouzwa kwa jina la mitishamba zimechanganywa kwa siri na sildenafil au vitu vya jamii yake, bila kipimo na bila kuandikwa. Hivyo mtu anayesifu unga kwamba umemsaidia usiku ule ule huenda amekula kidonge cha kiwandani kilichosagwa, naye hajui amekula kiasi gani. Mwenye moyo dhaifu akila unga huo, anacheza kamari na roho yake.

Hatuwadharau waganga wa jadi. Iko miti yenye tiba, na dawa nyingi za hospitali zilitoka mitini. Tunachokipinga ni biashara ya gizani, ambayo muuzaji wake hajulikani kesho atakuwa wapi.

Vijana wanaojenga misuli nao wanapaswa kuonywa. Sindano na vidonge vya steroidi vinavyopitishwa kwa siri katika baadhi ya kumbi za mazoezi huujaza mwili homoni kutoka nje, na mwili ukiona hivyo huacha kutengeneza ya kwake. Korodani husinyaa na mbegu za uzazi hupungua, pengine kwisha kabisa. Kijana huonekana simba kwa nje, lakini siku anapotaka mtoto ndipo anapojua gharama.

Kunyamaza kunaua

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema pia, mficha uchi hazai. Wanawake wetu, kwa sababu ya kliniki za wajawazito, hupimwa presha zao mara nyingi wakiwa bado vijana. Mwanamume hana kliniki ya namna hiyo. Aweza kufikia miaka 50 bila mkono wake kufungwa kipimo cha presha hata mara moja, na siku ya kwanza kupimwa ikawa ndiyo siku aliyoletwa amepooza upande mmoja. Kama kupungua kwa nguvu kungemfikisha zahanati miaka mitatu kabla, presha yake ingeonekana, sukari yake ingepimwa, na pengine angekuwa kazini hadi leo.

Liko na jambo jingine ambalo linatutia wasiwasi. Wako wanaume wanaoacha dawa za presha kwa siri kwa sababu wameambiwa kwamba dawa hizo huua nguvu. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa za presha huweza kuleta upungufu huo kwa baadhi ya watu. Lakini dawa za presha ziko aina nyingi, na daktari akiambiwa ukweli aweza kubadilisha. Anayeziacha kimya kimya huiachia presha ile ile iharibu mishipa ya uume, ya moyo na ya ubongo kwa pamoja. Basi, ndugu msomaji, kama dawa yakusumbua, rudi kwa aliyekupa useme naye. Daktari na mwuguzi wamekwisha yasikia maneno hayo mara elfu. Hawatashtuka, na hawana ruhusa ya kuyatoa nje.

Na mke ashirikishwe. Mara nyingi yeye ndiye mpishi wa nyumba, na hata asipokuwa mpishi ndiye shahidi wa kwanza wa hali ya mumewe. Mwanamume anayemficha mkewe humwacha adhani kwamba amechukiwa au kwamba yuko mwingine. Nyumba inayolizungumza jambo hili kwa heshima imekwisha pata nusu ya tiba.

Wajibu wa viongozi wa kazi

Hatuwezi kumwachia mfanyakazi mmoja mmoja mzigo huu wote. Kila mwaka, msimu wa Mei Mosi ufikapo, twashuhudia michezo ya wafanyakazi. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi wanaocheza ni wale wale vijana wachache, na wengine wote hukaa chini ya maturubai wakitazama na kunywa soda. Twapendekeza kwamba matawi ya vyama vya wafanyakazi yaweke mazoezi ya watu wote, wazee kwa vijana, kila wiki na si kila mwaka.

Kadhalika, kila mahali pa kazi penye watu wengi pangeweza kuwa na kipimo cha presha na mtu mmoja aliyefundishwa kukitumia. Kipimo hicho si kitu cha gharama kubwa, hasa kikilinganishwa na gharama ya kumpoteza fundi mwenye uzoefu wa miaka 20. Waajiri waliokubali kuwa na mgahawa kazini wahakikishe kwamba mboga, maharage na matunda havikosekani, na bei yake isizidi ya chipsi. Wenye mabasi nao wakumbuke kwamba dereva anayekaa kitini saa 14 bila kupumzika ni hatari kwake mwenyewe na kwa abiria wake.

Kwa wasomaji wetu tunalo ombi moja kwa wiki hii. Mwanamume aliyetimiza miaka 40 aende akapimwe presha na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Aliye na umri pungufu ya huo, lakini ameona nguvu zake zinapungua kwa miezi kadhaa, naye aende, na aseme wazi kilichompeleka. Fedha ambazo angempa mwenye kikaratasi cha unga azinunulie mchicha na maharage, na umbali wa vituo viwili kabla ya nyumbani autembee kwa miguu. Asipoziba ufa leo, atajenga ukuta kesho.